Kamati ya Harufu na Vazi la Bwana Chula

Inatangazwa kwa wakazi wote wa kando ya ziwa Mweru, kuanzia Nchelenge hadi Kashikishi na kuendelea, wanaume kwa wanawake, wenye mitumbwi na wasio nayo, kwamba Serikali, kwa huruma yake isiyochoka, imeamua kuingia majini.

Tangazo hilo lilisomwa na Karani Mkuu Kapembwa, akiwa amesimama juu ya sanduku la sabuni mbele ya ofisi, kaptula yake imepigwa pasi hadi ingeweza kusimama bila yeye. Shirikisho la makoloni lilikuwa bado jipya miaka hiyo, na kila mahali zilikuwa zikizaliwa idara. Hii iliitwa Idara ya Samaki wa Chini. Kapembwa alikuwa karani wake mkuu kwa sababu hapakuwa na karani mwingine.

Watu walipouliza Serikali inafuata nini huko majini, aliwaeleza kwa subira. Mpaka wakati huo samaki wa Mweru walikuwa wakihesabiwa wakiwa wamekufa, juu ya vichanja na ndani ya vikapu, wakati hawawezi tena kutoa maoni. Wataalamu waliona jambo hilo halina heshima. Sasa samaki wangehesabiwa wakiwa hai, nyumbani kwao, na afisa mwenye cheo.

Afisa mwenyewe alikuwa na jina refu ambalo hakuna aliyejisumbua nalo. Watu walimwona mara moja akitoka ziwani na vazi lake jeusi la mpira, kioo usoni, mitungi ya hewa mgongoni, na viatu vipana kama miguu ya bata. Wakamwita Bwana Chula, yaani Bwana Chura, na mjadala ukaishia hapo. Alikuwa mtu mpole, kiko mdomoni kutwa nzima, na vazi lile alilipenda kuliko hata idara.

Sasa, vazi likitoka majini huwa limelowa. Kanuni hazikuwa zimelitazamia hilo. Zilichokuwa zimetazamia ni wizi, maana tyubu ya lori la Serikali iliwahi kuanikwa juani ikatoweka, na wiki hiyo hiyo kila mtoto wa Kashikishi alionekana na manati mpya. Kwa hiyo iliamriwa kwamba mpira wowote wa Serikali, ukishavuliwa mwilini mwa afisa, ukunjwe papo hapo, utiwe ndani ya sanduku la bati na kufungwa kwa kufuli. Sanduku lilikaa ofisini, nyuma ya kiti cha Karani Mkuu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika ufunguo.

Siku za mwanzo ilikuwa harufu ya ziwa tu, matope na magugu. Halafu ikaongezeka. Bwana Chula alizama kila asubuhi, akalivaa likiwa bichi na kulivua likiwa bichi zaidi, na sanduku likafanya kazi yake ya kuhifadhi. Ilifika mahali kalenda ya ukutani ilijikunja yenyewe. Kapaso Mwewa, tarishi wa ofisi, mtu asiyejua kupaka maneno sukari, aliingia asubuhi moja akarudi nyuma hatua nzima.

"Karani, humu ndani kulikufa mutu?"

"Hakuna aliyekufa. Ni hewa ya kazi."

"Basi hiyo kazi bazike."

Kapembwa alijua fika harufu inatoka wapi. Aliketi nayo mgongoni tangu asubuhi hadi jioni, na usiku mkewe Rosaria alimtaka aoge kabla ya kuingia kitandani. Lakini kumwambia mzungu kwamba kitu chake kinanuka hakukuwa kazi ya karani. Alikuwa amelitafuta jambo hilo katika orodha ya majukumu yake, na halikuwamo. Tena alikuwa ameahidiwa baiskeli ya ofisi, yenye kengele. Mtu haendi kufungua mdomo ovyo wakati kengele iko njiani.

Mambo yangeendelea hivyo kwa amani, kama isingekuja habari kwamba Bwana Mkubwa wa Jimbo atafika kuikagua idara. Siku hiyo Bwana Chula alitoa kiko mdomoni, akavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza akasikia kile ambacho wengine walikuwa wakiishi nacho. Akaunda Kamati ya Harufu hapo hapo. Mwenyekiti alikuwa yeye, katibu Kapembwa, na Mwewa akawa sauti ya umma. Kamati ilikutana barazani, kwa sababu ndani isingeweza kufikiri.

"Hii ni harufu," alisema Bwana Chula kwa Kiingereza chake cha taratibu, Kapembwa akiandika. "Samaki hunuka. Kule chini ufukoni wanawake wanakausha samaki, na kila mchana upepo wa ziwani unaleta moshi wao hapa. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo, Bwana," alisema Kapembwa, aliyejua kwa hiyo ile inakoelekea.

Mwewa, ambaye hakuelewa Kiingereza ila alielewa kidole kilichoelekezwa ufukoni, akainua mkono.

"Karani, ambia Bwana: samaki hainukake hivi. Hii inatoka mule mwa sanduku..."

Kapembwa alimkanyaga mguu, kisha akaandika kwamba mjumbe Mwewa aliunga mkono kwa hisia.

Ikaamuliwa kwamba vichanja vyote vya kukaushia samaki vivunjwe kabla ya mgeni kufika. Ikaamuliwa pia kwamba chanzo chochote cha harufu kitakachobaki kitandazwe kwenye kichanja mbali na ofisi, na mwenye mali asimame hapo mwenyewe, akigeuze upande huu na huu, asiondoke mpaka kikauke. Kapembwa aliongeza kwa mkono wake, "bila kujali jinsia wala cheo," kwa kuwa amri isiyo na maneno hayo kwake ilikuwa kama kaptula isiyopigwa pasi. Bwana Chula akatia saini.

Hapa inabidi ielezwe shida ya Kapembwa, ambayo haikuwa ya kiofisi. Kiongozi wa wanawake wa vichanja aliitwa Dorica, mzaliwa wa Kilwa ya Congo, ng'ambo ya ziwa, mama aliyeuza kwa Kiswahili, akagombana kwa Kiswahili, na kusali kwa Kibemba. Huyo alikuwa mama mkwe wake. Na kando ya ziwa lile mwanamume hasemi na mama mkwe wake, hali chakula mbele yake wala hamtazami usoni, mpaka aingizwe. Yaani mpaka siku mama huyo atakapompikia, kumwita kwake, na kumpa chakula kwa mkono wake mwenyewe. Kapembwa alikuwa ameoa miaka mingi na ana watoto wanaokwenda shule ya misheni, lakini hajaingizwa. Akimwona Dorica anakuja njiani ilimbidi aruke pembeni na kujificha kwenye matete mpaka apite. Watu walizoea kuona kofia ya Karani Mkuu ikichungulia kati ya matete. Ilimuuma sana, zaidi ya alivyokiri kwa mtu yeyote.

Jioni ile alimweleza Rosaria habari za amri. Rosaria aliacha kusonga ugali.

"Yale samaki makobo makubwa iko juu ya bichanja bya mama, unajua njo ya nini?"

"Ya kuuzia watu wa Congo."

"Njo ya weye. Mama alisema mwaka huu anakuingiza. Alichagua moja-moja, yale ya mafuta. Bado siku kidogo ikauke."

Ugali ukaanza kuungua. Amri ilikuwa mfukoni mwa Kapembwa, na aliisikia pajani kama kaa la moto.

"Mama ni mama," alisema mwishowe, "lakini Serikali ni Serikali."

"Sawa," alisema Rosaria. "Basi Serikali ikupikie."

Kesho yake aliteremka ufukoni. Vichanja vilijipanga kando ya maji, moto ukiwaka polepole chini yake, na makobo yakiwa yamelala juu, yamepasuliwa, mekundu kwa moshi. Dorica alikuwa ameinama akiyageuza. Kapembwa alimpa mgongo, akasimama kiheshima mbele ya kichanja cha mwisho, akakohoa.

"Ewe kichanja! Serikali inakusalimia."

Dorica hakuinua kichwa. "Makobo, mumesikia? Leo kichanja kinapewa salamu. Tutaona mengi."

"Kichanja, unaamriwa kuondoka hapa kabla ya mgeni kufika. Kamati imeona kwamba harufu ya ofisini inatoka kwako."

"Makobo, muulize kichanja: ile komité ilikuya hapa kunusa?"

"Kichanja, Kamati haikuhitaji kunusa. Ilifikiri."

Wanawake wengine waliziba midomo kwa vitenge. Dorica aligeuza samaki mmoja, taratibu, akamlaza vizuri kama mtoto anayelala.

"Makobo yangu, munaona? Ndani muko bado mubichi. Mukishuka leo, kesho munaoza. Na mulikuwa chakula ya mutu fulani. Mutu wa kaptula."

Kapembwa alivua kofia. Alitaka kusema mengi, kwa kichanja au kwa yeyote.

"Kichanja," alisema kwa sauti ndogo, "unisamehe."

"Makobo," alisema Dorica, "yule mutu iko na moyo muzuri. Lakini mudomo haina."

Kapembwa alipanda kilima na maneno hayo. Yalimfuata kuliko harufu.

Amri ilitekelezwa asubuhi ya ugeni wenyewe. Wanawake walizima moto, wakavunja vichanja, wakatia samaki vikapuni na kuketi nao mchangani. Ufuko ulibaki mtupu na safi, kama ulivyotakiwa. Gari la Bwana Mkubwa wa Jimbo lilipokuwa likikaribia, moshi wa mwisho ulikuwa umeondoka hewani.

Na hapo ndipo ilipojulikana kazi ambayo moshi ule ulikuwa ukiifanya bila mshahara. Kila mchana, tangu idara ianze, ulikuwa umeipandia ofisi, ukaingia madirishani na kufunika kile kilichokuwa sandukuni. Sasa ulikuwa umefukuzwa kazi. Bwana Mkubwa alishuka garini akitabasamu, akakanyaga baraza, na tabasamu likamtoka. Alitoa leso. Dereva wake alirudisha gari nyuma hadi karibu na barabara.

"Ni nini hiki?" aliuliza kutoka ndani ya leso.

"Ni vichanja vya samaki, Bwana Mkubwa," alijibu Bwana Chula. "Wenyeji. Tumeshughulikia."

"Vichanja vipi?"

Wote wakatazama ufukoni. Hakukuwa na kichanja hata kimoja. Kulikuwa na wanawake na vikapu, na jua lilikuwa limeanza kuwaka juu ya vikapu vile.

Kapembwa alikuwa amesimama mlangoni. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake, kwenye kamba. Baiskeli aliyoahidiwa nayo ilikuwa imekwisha kufika, imeegemea ukuta, kengele yake inang'aa, na ilitosha anyamaze tu kama alivyonyamaza siku zote. Alitazama tena vikapu. Nzi walikuwa wamekwisha kuvigundua. Yale makobo yalichaguliwa moja-moja kwa ajili yake, na yalikuwa yakioza mbele ya macho yake kwa amri aliyoiandika kwa mwandiko mzuri.

Aliingia ndani, akalivuta sanduku mpaka barazani, akafungua kufuli na kuinua kifuniko.

"Chanzo, Bwana Mkubwa," alisema.

Hakuna aliyeuliza swali la pili. Bwana Mkubwa aliteremka baraza haraka kuliko cheo chake kilivyoruhusu. Alipofika mahali pa kupumulia, aliomba amri ya Kamati, akaisoma mpaka mwisho, na alipofika kwenye saini akatazama juu.

"Imeandikwa vizuri sana. Mwenye mali asimame hapo mwenyewe. Bila kujali jinsia wala cheo. Hii ni roho ya utawala bora. Umeiandika wewe?"

"Ni kazi ya Kamati," alisema Bwana Chula kwa sauti nyembamba.

"Basi itekelezwe, nami nitaona."

Lakini kichanja kilikuwa kimevunjwa, na wa kukisimamisha walikuwa Dorica na wenzake. Msafara ukateremka ufukoni: mbele Bwana Mkubwa na leso, kisha Mwewa na sanduku, uso ameugeuza, kisha Bwana Chula asiye na kiko, na mwisho Kapembwa, akitembea kinyumenyume ili asije akamtazama mama mkwe wake.

Vichanja vilisimama upesi, maana wanawake hawakusubiri kuambiwa mara mbili. Moto ukawashwa, makobo yakarudi juu. Kichanja cha mwisho kiliachwa wazi kwa ajili ya Serikali. Mwewa akamwaga vazi mchangani kama mtu anayemwaga maji machafu, na Dorica akalizunguka akilitazama, akachomoa kisu chake cha kupasulia samaki.

"Hapana!" alipiga kelele Bwana Chula. "Mwambie asikate!"

"Kitu haikauke bila kupasuliwa," alisema Dorica. "Kwanza matumbo, kisha moto. Njo kazi."

Bwana Mkubwa alimgeukia Kapembwa atafsiri. Kapembwa aliugeukia mtumbwi uliokuwa karibu.

"Ewe mtumbwi," alianza, "Bwana anaomba kisu..."

"Kwa nini karani wako anazungumza na mtumbwi?" aliuliza Bwana Mkubwa.

Kapembwa alieleza, kwa Kiingereza cha ofisi, kwamba kuna kizuizi cha kifamilia katika njia za mawasiliano. Bwana Mkubwa akasema kwamba chakula chake cha mchana kinamngoja, kwa hiyo kizuizi kiondolewe.

Dorica hakujua Kiingereza, lakini alikuwa amemwona mkwewe akilivuta lile sanduku hadi barazani mchana kweupe, mbele ya wakubwa wake. Alitia kisu kiunoni. Akachagua kobo mmoja kutoka kichanja cha kati, yule mwenye mafuta, aliyekuwa amekauka zaidi ya wenzake, akammega, akaja mpaka mbele ya Kapembwa. Wanawake waliacha moto wakasogea. Rosaria, aliyekuwa kati yao, alishika mdomo.

"Mukwe," alisema Dorica, akimnyooshea mkono. "Kula. Haina ugali, haina ngoma, lakini mudomo umepata. Leo unaingia."

Kapembwa alipiga magoti mchangani na kaptula yake, akapokea kwa mikono miwili, akala. Machozi yalimtoka, na hakusingizia moshi. Kisha akainua macho akamtazama mama mkwe wake usoni, akaona kwamba alikuwa na macho ya Rosaria.

"Sasa tafsiri," alisema Bwana Mkubwa.

Ikakubaliwa kwamba vazi lisipasuliwe, lioshwe kwa maji na sabuni, kisha lipinduliwe ndani nje. Dorica alishika miguu ya vazi, Bwana Chula mikono, wakavuta. Upande wa ndani ukatoka juani kwa mara ya kwanza tangu uondoke kiwandani. Wanawake wote walirudi nyuma kwa pamoja. Dorica alibaki, akainama, akanusa, akanyooka.

"Hii si harufu ya ziwa," alisema. "Mukwe, uliza Bwana: alikuwa anabebaka mutoto mule ndani?"

Kapembwa alitafsiri. Bwana Chula alianza kuwa mwekundu shingoni, na wekundu ukapanda mpaka masikioni. Alisema kwa Kiingereza, akitazama viatu vyake, kwamba asubuhi za Juni maji ya Mweru ni baridi sana, kwamba vazi halina vifungo, na kwamba mtu akiwa kule chini, na baridi ile, kuna mambo ambayo hayawezi kungoja.

Bwana Mkubwa alishusha leso kutoka puani hadi mdomoni, kwa kuwa sasa alihitaji kuzuia kicheko, si harufu. "Mtafsirie mama," alisema.

Hapo Kapembwa aliona msiba wake wote. Miaka yote hiyo alikuwa akipanga maneno ya kwanza atakayomwambia mama mkwe wake siku ya kuingizwa. Alikuwa na shukrani, alikuwa na baraka, alikuwa hata na mstari wa Zaburi. Na kando ya ziwa lile, jambo ambalo mkwe hathubutu kulitaja mbele ya mama mkwe, hata kama nyumba inaungua, ni hilo hilo alilokuwa ametumwa kulisema. Alifuta jasho. Akakusanya elimu yake yote.

"Mama," alisema, "Bwana anaarifu kwamba, kutokana na hali ya hewa, maji ya ndani yalitangulia kukutana na maji ya nje."

Dorica alimtazama Kapembwa. Alimtazama Bwana Chula. Alilitazama vazi.

"Ah!" alisema, kwa sauti iliyofika Nchelenge. "Anakojolaka mule?"

Kicheko kilianza kwa wanawake, kikaenda kwa wavuvi waliokuwa wakishona nyavu, kikamfikia Mwewa, aliyelala chini kabisa, na mwisho kikampata Bwana Mkubwa mwenyewe, ambaye alilazimika kushika mti wa kichanja. Bwana Chula alibaki peke yake na masikio yake mekundu. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, naye akacheka kidogo.

Vichanja vya Kashikishi havikuguswa tena. Bwana Mkubwa aliandika kwamba moshi wa vichanja hivyo ni huduma muhimu kwa ofisi za Serikali. Makobo yalikauka, na karamu ya kumwingiza Kapembwa ilifanyika upya, kwa ugali na ngoma. Baiskeli ilipelekwa idara nyingine, lakini hakuililia. Alikwenda kazini kwa miguu, katikati ya njia, na akikutana na mama mkwe wake alisimama, akamsalimia na kuuliza habari za nyumbani, huku matete yakikaa yenyewe.

Na kila mchana baada ya kuzama, Bwana Chula aliteremka ufukoni na ndoo na sabuni, akaketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa mbele ya kichanja cha mwisho, tawi la majani mkononi kwa ajili ya nzi, kati ya wanawake waliokuwa na kazi yao. Kiko alikatazwa, kwa sababu wanawake walilalamikia harufu. Kiswahili alijifunza polepole, ila neno moja alilielewa kabla ya mengine yote, maana aliambiwa kila alipoanza kusinzia.

"Geuza, Bwana," Dorica alimwambia, bila kuinua kichwa kutoka kwenye makobo yake. "Ule upande wa chini bado."